Mwanga, Picha na Tiba ya Alama za Kuzaliwa kwenye Ngozi Nyeusi

Alama za mishipa, yaani mabaka ambayo mtoto huzaliwa nayo kwa sababu ya kutanuka kwa mishipa midogo mno ya damu ndani ya ngozi, zilikosa tiba ya kuaminika hadi karne ya 20 ilipokaribia ukingoni. Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza mwaka 1960, leza ikiwa mwanga wa rangi moja uliokusanywa katika mwali mwembamba wenye nguvu, madaktari hawakukawia kuijaribu kwenye ngozi, lakini leza za miaka ya 1970 zilipasha joto hata nyama iliyouzunguka mshipa na mara nyingi zikaacha makovu. Mwaka 1983, Rox Anderson na John Parrish wa Boston, Marekani, walieleza kuwa mwanga unaofyonzwa na himoglobini, yaani protini inayoipa damu wekundu wake, ukitolewa kwa mapigo mafupi sana, huunguza mshipa kabla joto halijasambaa.

Kanuni hiyo ilikutana na kikwazo, kwa kuwa melanini, inayoipa ngozi weusi wake, hufyonza mwanga huohuo. Kwa mkazi mwenye ngozi nyeusi wa Muze, Tanzania, katika Bonde la Rukwa chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, sehemu ya nguvu ya leza huishia tabaka la juu la ngozi na yaweza kuleta malengelenge au kuacha madoa, ilhali wekundu ambao daktari huufuatilia hauonekani kwa urahisi. Kwa hiyo picha ya ngozi ina uzito wa pekee huku: tomografia ya mwanga, iliyotangazwa mwaka 1991, huonyesha kina na upana wa mishipa bila kukata ngozi, na hivyo humwongoza daktari kuchagua nguvu na muda wa pigo.

Nchini Tanzania, msingi uliwekwa kwa elimu. Tangu mwaka 1992, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimewafundisha maofisa tabibu wa nchi mbalimbali za Afrika. Mtaalamu wa ngozi hutofautisha baka bapa la kudumu na hemanjioma, uvimbe mwekundu unaokua katika miezi ya mwanzo kisha hunywea, ambao tangu mwaka 2008 umetibiwa kwa propranololi, dawa ya moyo ya bei nafuu. Leza itakayofikishwa Rukwa itawafaa watu wake ikiwa tu itatanguliwa na wataalamu wa namna hiyo pamoja na vipimo vilivyofanywa kwenye ngozi nyeusi. Vinginevyo makovu ya miaka ya 1970 yatajirudia kwa watoto wasiostahili kuyabeba.