Tundu moja katikati: namna risasi ya mchezo ilivyopata bei nafuu



Hapa tunaongea sana juu ya shaba yetu: nani anachimba, nani anauza, nani anakula faida. Leo ninapenda tuifuate mbali kidogo, mpaka ndani ya mchezo wa Wamarekani: kupiga shabaha kwa bastola.

Risasi moja iko na vitu vine: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ukisha kupiga, baruti imeungua, fataki imekufa, kichwa kimeenda. Ganda njo linabaki. Na ganda ndilo la bei kuliko vyote, sababu ni shaba iliyochanganywa na zinki, karibu 70 kwa 30. Mpiga shabaha asiye na feza nyingi alijiuliza: kwa nini nilitupe?

Kama lingejazwa tena ao hapana, ilitegemea tundu. Mwaka 1866 watu wawili walileta fataki za namna mbili. Hiram Berdan, Mmarekani, aliacha kinundu cha kugongea fataki ndani ya ganda lenyewe, na pembeni yake matundu mawili madogo. Edward Boxer, ofisa Mwingereza, alitia kinundu ndani ya fataki. Ganda likabaki na tundu moja katikati. Kwa tundu hilo unapitisha chuma chembamba, unasukuma, fataki ya zamani inatoka. Kwa ganda la Berdan, kuitoa ni mateso. Na ajabu yenyewe ni hii: majeshi mengi ya Ulaya yalichukua fataki ya Mmarekani, Wamarekani wakachukua ya Mwingereza! Ninaona hiyo ni sababu moja kubwa kujaza maganda upya kulienea sana Marekani.

Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni Ideal kule Connecticut. Iliuza koleo la mkono la kujazia, kalibu za kumwagia vichwa, na kitabu cha maelezo. Mtu alianza na vitu hivyo vichache, mezani kwake. Mwaka 1958 Richard Lee, wa Wisconsin, akatoa kifaa kidogo zaidi, kwanza kwa bunduki za kuwinda ndege. Kile cha bastola kilichofuata kilitumiwa kwa kugonga na nyundo. Presi kubwa haikuwa lazima.

Lakini bei nafuu haikuwa kubahatisha. Baruti ikizidi, bastola inaweza kupasuka mkononi. Njo maana kitabu cha vipimo kilitembea pamoja na koleo tangu zamani. Batu walipunguza gharama ya vyombo, hawakupunguza kupima.

Sasa turudi kwetu. Kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kipushi ilitoa shaba na zinki pamoja, ni kusema vitu vyote viwili vya ganda. Katika vita vyote viwili vya dunia shaba ya Katanga ilienda kwa viwanda vya silaha vya ng'ambo. Siye tuliiuza mara moja, kwa kilo. Fundi wa Wisconsin aliokota ganda lake chini, akalitumia tena na tena.

Kwangu, somo liko katika lile tundu: thamani ya shaba haikubaki katika uzito tu, ilitoka pia kwa namna kitu kilivyotengenezwa. Ninyi munaonaje?