Kilimo cha Bustani kama Taaluma: Mwongozo kwa Vijana wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Gunia la mchele huweza kusubiri barabara itengenezwe. Tenga la nyanya haliwezi. Tukio hilo linadhihirisha umuhimu wa pwani ya Lindi kuzalisha mboga na matunda yake yenyewe, na kuwa na wataalamu wa kuisimamia kazi hiyo.

Kilimo cha bustani hujumuisha mboga, matunda, viungo na maua. Mwanafunzi hufundishwa uandaaji wa vitalu, ubebeshaji wa miche, umwagiliaji, rutuba ya udongo, udhibiti wa visumbufu, utunzaji wa mazao baada ya kuvunwa, pamoja na biashara na utunzaji wa kumbukumbu za shamba.

Vyuo na sifa za kujiunga

Chuo kinachofahamika zaidi katika fani hii ni cha Tengeru, mkoani Arusha, ambacho wengi hukiita HORTI Tengeru. Kwa ngazi ya shahada, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984 mjini Morogoro, hutoa shahada ya kwanza ya fani hiyo. Karibu na nyumbani, Mtwara ina chuo cha mafunzo ya kilimo na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele.

Mhitimu wa kidato cha nne hutakiwa kuwa na ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo ya sayansi, naye huanza ngazi ya 4 ya NTA na kufikia stashahada, yaani ngazi ya 6, kwa miaka mitatu. Kabla ya kulipa ada yoyote, mwombaji ahakikishe katika mwongozo wa NACTVET kuwa chuo na programu husika vimesajiliwa. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, Serikali kupitia Bodi ya Mikopo ilianza kutoa mikopo kwa stashahada za vipaumbele, kilimo kikiwa miongoni mwake.

Tofauti ya mazingira

Kutoka Lindi hadi Tengeru ni zaidi ya kilomita 1,000, na tofauti si ya umbali pekee. Tengeru iko chini ya Mlima Meru, yenye hali ya ubaridi na udongo wa volkano. Pwani ya Lindi ina joto, udongo wa kichanga katika maeneo mengi, na msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Mei. Mwanafunzi wa pwani anapaswa kuuliza kila somo litatumikaje kwao.

Mathalani, nyanya hudondosha maua joto la usiku linapozidi. Kwa hiyo uchaguzi wa aina ya mbegu na tarehe ya kupanda huamua mavuno. Visima vilivyo karibu na bahari huweza kuwa na chumvi. Maji yapimwe kabla ya kununua mipira ya matone. Bamia, mchicha, biringanya na matikitimaji hustahimili joto vizuri zaidi kuliko kabichi. Mabonde ya Matandu, Mavuji na Lukuledi hutoa fursa ya kilimo cha kiangazi, lakini mafuriko huweza kusomba bustani iliyowekwa ukingoni mwa mto.

Visumbufu navyo vinahitaji elimu. Nzi wa matunda aliyeingia nchini mwaka 2003 hushambulia maembe, na kantangaze huangamiza nyanya. Dawa isiyo sahihi humtia mkulima hasara na kumhatarisha mlaji.

Ajira baada ya masomo

Mhitimu anaweza kuwa afisa ugani, msimamizi wa shamba, mtunza bustani za hoteli, au mzalishaji wa miche iliyobebeshwa ya miembe, michungwa na mikorosho. Anayetaka kuuza mbegu hana budi kusajiliwa na TOSCI, na anayeuza viuatilifu na TPHPA. Kwa mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Ajira za Serikali hazitoshi kwa wahitimu wote. Hivyo inashauriwa mwanafunzi atumie kipindi cha mafunzo kwa vitendo kurejea katika wilaya yake, aanzishe kitalu kidogo, na aandike gharama na mauzo ya kila wiki. Atakapohitimu, daftari hilo litamsaidia mbele ya mwajiri au kamati ya mikopo, sambamba na cheti chake.