Watoro wa Rabai na Waliowapokea

Sisi tuishio Pumwani, Kaloleni, Makongeni na Bahati twajua taabu ya kufika mahali pageni bila ndugu wa kukupokea. Yafaa basi tuwakumbuke watu ambao taabu yao ilikuwa kubwa zaidi.

Mwaka 1875 misheni ya C.M.S. ilianzisha kijiji cha Freretown, karibu na Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza. Lakini watumwa wa mashamba ya pwani nao walitoroka kwa miguu, wakakimbilia Rabai. Sheria ilikuwa upande wa mabwana zao, na wakuu wa misheni waliagiza watoro wasipokewe. Waliowafungulia mlango walikuwa Waafrika wenzao. David Koi, Mgiriama, aliongoza kijiji cha watoro huko Fuladoyo. Akauawa mwaka 1883. Huko Rabai Kasisi William Jones, ambaye mwenyewe alipata kuwa mtumwa, kisha akasomeshwa Bara Hindi, aliwaacha wajenge na kulima.

Mwaka 1888 mabwana walidai warudishiwe watu wao. George Mackenzie wa Kampuni ya I.B.E.A. akawalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa vyeti vya uhuru. Utumwa wenyewe ulifutwa pwani mwaka 1907.

Vyeti vilitolewa na wenye mamlaka, lakini palikuwa na watu wa kupewa kwa sababu wengine, wasio na mamlaka, walikwisha kuwapokea. Nasi chama chetu kipimwe hivyo: mgeni asiye na ndugu akibisha hodi, ni nani amwitikiaye?