Sheria ya barabara ilitangulia simu

Kasongo, Maniema. Tarehe 30/08/1978, Congo ikiitwa bado Zaire, sheria nambari 78-022 ilitiwa saini kuwa kanuni mpya ya barabara. Wakati ule hakuna dereva aliyetembea na simu mfukoni. Lakini tangu 1977 nchi ilikuwa imeingia katika mapatano ya Vienna ya 1968, yanayomtaka dereva atawale chombo chake wakati wote.

Simu za mkononi zilifika Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kampuni Telecel, tena kwa wakubwa na matajiri. Huku kwetu watu walipeana habari kwa barua na kwa foni. Ni katika miaka ya 2000 ndipo simu zilienea nchini. Mwaka 2006 mapatano ya Vienna yaliongezewa neno: sheria ya kila nchi imkataze dereva kushika simu mkononi chombo kikiwa mwendoni.

Kwa wahami wa Kabambare, simu ndiyo inaleta habari za kijiji: nani ni mzima, njia gani imefungwa. Ikilia, mwenye pikipiki anatamani kuipokea palepale, huku amebeba mama na mtoto. Kwenye mchanga na mashimo, mkono mmoja hautoshi. Habari iwe njema au mbaya, haitageuka kwa dakika mbili. Asimame kando, aongee, kisha aendelee. Abiria naye ana haki ya kumwambia: "Simama kwanza."