Gramafoni ya valizi: sanduku lililobeba gitaa la Katanga

Ukilikuta limefungwa utafikiri ni valizi ya mtu anayengoja treni. Lina mshiko juu, vifungo vidogo mbele na vyuma kwenye pembe ili lisichubuke njiani. Halina waya wa umeme wala mahali pa kutia batri. Hata ile tarumbeta kubwa ambayo watu wengi wameizoea kwenye picha za gramafoni haionekani. Lakini ukifungua kifuniko, ukachomeka mkono wa chuma ubavuni na kuuzungusha mara kadhaa, valizi hiyo inaimba.

Wazee wa Makomeno, Kamalondo na Kenya wanazikumbuka gramafoni za aina hii. Vijana wengi wanaziona kama mapambo ya sebuleni, tena mapambo mazito yanayokula nafasi. Hata hivyo bila sanduku hili wimbo wa gitaa la Katanga usingefika mbali jinsi ulivyofika, na huenda usingepata umbo tunalolijua. Ndiyo maana linastahili kuangaliwa vizuri kabla ya kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Hadithi yake inaanzia mbali. Mwaka 1887 Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kucheza sauti kwenye sahani bapa. Mashine za kwanza zilikuwa na tarumbeta nje, kubwa na ya kusumbua. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Marekani ilianza kuuza kabati lenye tarumbeta iliyofichwa ndani, likawa fanicha ya sebule za matajiri. Kisha mwaka 1914 kampuni ya Barnett Samuel na wanawe, ya biashara ya vyombo vya muziki London, ilitoa gramafoni ya kubebwa mkononi, ikaipa jina la Decca. Vita ilipoanza mwaka huohuo, askari wa Uingereza walikwenda nayo hadi kwenye mahandaki. Hapo watu wakaelewa kwamba muziki unaweza kusafiri na mzigo wa mtu.

Watengenezaji wengine walifuata. His Master's Voice, kampuni yenye picha ya mbwa anayesikiliza tarumbeta, ilitoa valizi yake ya namba 101 mwaka 1925, na ya namba 102 mwaka 1931. Hii ya pili iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1950. Waswisi nao walikwenda hadi mwisho wa udogo: kiwanda cha Paillard cha Sainte-Croix kilitengeneza Mikiphone, kazi ya ndugu wawili wa Hungaria, Miklós na István Vadász. Ikikunjwa ilikuwa duara bapa ya kutosha kuingia mfuko wa koti. Ilishangaza kila aliyeiona, lakini sauti yake ilikuwa ndogo kama umbo lake. Valizi ilishinda kwa sababu ilijua kipimo: ndogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, kubwa kiasi cha kusikika na watu wa uani.

Ujanja wote umo ndani. Ukizungusha mkono wa chuma, unakaza utepe mrefu wa chuma uliojiviringisha ndani ya kopo. Utepe huo unapojifungua, unazungusha sahani. Ukiachiwa hivihivi ungeikimbiza mwanzoni na kuchoka mwishoni, ndiyo maana kuna kidhibiti cha mwendo: vijiwe vitatu vya chuma vinavyozunguka kwa kasi. Kasi ikizidi, vijiwe vinatanuka na kuvuta kisahani kidogo kigusane na breki. Kasi ikipungua, vinarudi ndani na breki inalegea. Kwa njia hiyo mashine isiyojua umeme inashika mizunguko karibu 78 kwa dakika tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Sindano ya chuma inapita kwenye mfereji wa sahani na kutikisika. Mtikisiko unapanda hadi kwenye utando mwembamba wa ulanga au wa alumini, ambao unatikisa hewa. Hewa hiyo inapita kwenye mkono wa sauti, inaingia kwenye tarumbeta iliyokunjwa ndani ya valizi, inatokea nyuma, inagonga kifuniko kilichosimama wazi na kumfikia msikilizaji. Kifuniko ni sehemu ya sauti, na ndani yake huwa kuna nafasi ya kuweka sahani chache za safari. Hakuna kitu kinachoongeza nguvu njiani. Nguvu yote imetoka kwenye mkono wa mtu.

Sahani zenyewe zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa India, ukichanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, ngumu na zenye kuvunjika kama sahani ya udongo. Ile ya kawaida, yenye upana wa sentimita 25, ilibeba kama dakika tatu kwa upande mmoja. Sindano ilikwisha makali baada ya upande mmoja tu, ikabidi itupwe. Kwa hiyo aliyenunua gramafoni alinunua pia kikopo cha sindano, na sindano zikiisha, ngoma nayo imeisha.

Njia ya vitu hivi kuja kwetu ilikuwa reli. Treni kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikipita Ndola na Sakania. Kwa reli hiyo mji wetu ulifungamana na Johannesburg kwa biashara kuliko ulivyofungamana na Léopoldville. Na ni Johannesburg ambako Eric Gallo alifungua duka la gramafoni na sahani mwaka 1926, duka lililozaa kampuni iliyokuja kurekodi wanamuziki wa Afrika kwa jina la Gallotone.

Upande wa pwani, Kiswahili kilikuwa kimeingia kwenye sahani mapema. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay kurekodiwa na His Master's Voice. Lakini hicho kilikuwa Kiswahili cha taarabu. Kiswahili cha Katanga, cha watu wa makambi, kilikuwa bado kinangoja zamu yake.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa mkataba mfupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Watu wa lugha nyingi wakakaa jirani: Waluba, Wabemba, Wasanga, Wayeke, Walunda na wengine. Mji uligawanyika. Makomeno ulikuwa mtaa wa wakubwa wa kampuni, wenye nyumba za bustani, na makambi ya wafanyakazi yalikuwa mbali nao. Gramafoni ya kabati ilifaa sebule kubwa. Valizi ilifaa maisha ya kambi: haikuhitaji umeme, ilikaa chini ya kitanda, na Jumapili ilitolewa nje ikawekwa juu ya kiti. Mtu aliyehama kutoka Lubumbashi kwenda Kipushi au Likasi alihama nayo. Aliyerudi kijijini likizo alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Kisha likaja jambo la mwaka 1952. Mwingereza Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Jadotville, yaani Likasi, akamkuta kijana wa Kiyeke akipiga gitaa. Jina lake lilikuwa Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa 1930, mtu wa Bunkeya. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini kwenye sikio zilisikika sauti kama za wapigaji wawili. Tracey alirekodi nyimbo zake, ukiwemo « Masanga », na Gallotone ikazitoa kwenye sahani.

Hapa ndipo umbo la sanduku na umbo la muziki vinapokutana. Gramafoni isiyo na umeme haibebi vizuri sauti nzito. Ngoma kubwa inazama, na kundi kubwa la waimbaji linachanganyika. Gitaa kavu na sauti ya mtu mmoja viko katikati, mahali ambapo utando na tarumbeta fupi vinafanya kazi yake vizuri kabisa. Kila uzi unasikika. Nazo dakika tatu za sahani zilidai wimbo unaojua unapoanzia na unapoishia. Mpiga gitaa wa uani aliyeweza kucheza usiku kucha alilazimika kuchagua kilicho bora.

Mashine ilikuwa pia mwalimu. Pembeni mwa sahani kuna kifimbo cha kurekebisha mwendo. Aliyetaka kujua vidole vya Mwenda vinapita wapi aliweza kupunguza kasi, akalegeza nyuzi za gitaa lake zifuate sauti iliyoshuka, akasikiliza sehemu moja tena na tena. Sahani hizo zilifika hadi Kenya, na vijana wa huko wakajifunza mtindo wa Katanga bila kuiona Katanga. Edouard Masengo, ndugu wa Mwenda, alikwenda kufanya kazi ya muziki Nairobi katika miaka hiyo ya 1950, na Mwenda mwenyewe alifika huko mwaka 1959. Walikuta watu wanaozijua nyimbo zao. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Lakini valizi ile iliyotunza sauti ndiyo iliyoila pia. Kichwa kizito cha sindano kinakwangua mfereji kila wimbo unapochezwa. Sahani iliyopendwa zaidi ndiyo iliyoharibika zaidi, na zilizobaki safi mara nyingi ni zile ambazo hakuna aliyezitaka. Halafu zikaja sahani nyepesi za plastiki, redio za batri na kaseti. Valizi zikarudi chini ya kitanda. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Katika miaka ya namna hiyo, familia huuza kwanza kitu kisichotumika.

Kwa wenye sanduku la aina hii nyumbani, mambo machache yanatosha kuliokoa. Msifute sahani za zamani kwa pombe, iwe ya dawa au lutuku, kwa sababu utomvu wake unayeyuka. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha. Msitumie sindano butu, na msiweke sahani ya plastiki chini ya kichwa kile kizito, kwani kitaikata. Acheni utepe ujifungue kabla ya kulirudisha sanduku mahali pake. Sahani zisimamishwe, zisilundikwe.

Na kabla ya yote, mzee akiwa bado yupo, aulizwe: sahani hii ilinunuliwa wapi, nani alikuwa akiicheza, na siku gani? Karatasi ya katikati ya sahani ina jina la mwimbaji na la kampuni. Haina jina la aliyezungusha mkono wa chuma Jumapili mchana ili uani wote usikie. Jina hilo linajulikana na watu wa nyumba ile tu, na lisipoandikwa sasa kwenye bahasha ya sahani, litaondoka pamoja nao.