Kokoto za Ujenzi Simiyu: Nguvu na Ustahimilivu Huthibitishwa Maabara

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, una vilima vya miamba ya graniti inayoweza kupasuliwa kuwa kokoto. Una pia udongo mweusi wa mbuga, unaostawisha pamba lakini huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka. Barabara inayopita juu ya udongo huo hukabiliwa na maji kwa muda mrefu wakati wa mvua. Hivyo kokoto zake hazina budi kuwa na sifa mbili: nguvu ya kubeba mzigo na ustahimilivu wa kudumu miaka mingi.

Sifa hizo haziendi pamoja daima. Graniti iliyo karibu na uso wa ardhi huweza kuwa imechakaa, baadhi ya madini yake yakiwa yamegeuka udongo mfinyanzi. Ikiwa kavu huonekana ngumu; ikilowa hupoteza nguvu. Jicho pekee halitoshi kuitambua.

Katika kipimo cha nguvu, kokoto za milimita 10 hadi 14 hugandamizwa kwa mashine ili kupata mzigo unaosaga asilimia 10 ya sampuli kuwa chenga zinazopita chekeche la milimita 2.36. Mzigo ukiwa mkubwa, mwamba ni imara. Kipimo hurudiwa kwa kokoto zilizolowekwa saa 24. Matokeo yakishuka sana, mwamba huo si wa kuaminika penye maji.

Kipimo cha Los Angeles huonesha namna kokoto zinavyohimili kusuguana na kugongana. Sampuli huzungushwa mara 500 ndani ya pipa la chuma pamoja na mipira ya chuma, kisha hupimwa kiasi kilichosagika. Hapa, kiasi kidogo ndicho bora.

Ustahimilivu hupimwa kwa kuloweka kokoto katika maji ya chumvi ya sodiamu salfeti kwa saa 16 hadi 18, kisha kuzikausha kwenye tanuri. Zoezi hilo hurudiwa mara tano. Fuwele za chumvi hukua ndani ya vitundu vya mwamba na kuupasua ulio dhaifu.

Taratibu za vipimo vya vifaa vya barabara nchini zimewekwa katika mwongozo wa maabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 2000. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, na za wilaya na TARURA.

Cheti kimoja hakithibitishi machimbo yote, kwa kuwa mwamba hubadilika kadiri uchimbaji unavyosonga. Kwa sababu hiyo, sampuli huchukuliwa machimboni kabla ya kazi kuanza na katika shehena zinazofika eneo la ujenzi. Kamati za ujenzi wa shule na zahanati nazo zinapaswa kujua kokoto zimetoka wapi na kuona matokeo ya vipimo vyake kabla zege halijamwagwa. Likishaganda, kosa hilo hurekebishwa kwa kubomoa tu.