Askofu Cappio na Maji ya Mto São Francisco



Tumesikia mara kwa mara habari za mradi uitwao Transaqua, uliobuniwa na wahandisi wa Italia zaidi ya miaka arobaini iliyopita: kuchimba mfereji wa kilomita 2,400 hivi, uyakusanye maji ya baadhi ya mito inayoingia katika mto wetu Kongo, na kuyapeleka hadi Ziwa Chad linalokauka. Mkutano wa Abuja wa mwaka 2018 uliufufua mradi huo. Katika vikundi vyetu wengine husema, «Maji tunayo tele, tuwagawie jirani», wengine hujibu, «Mto wetu usiguswe.» Kabla hatujashika upande, twaona vema kuwasimulia yaliyotokea Brazili, ambako watu walilazimika kulijibu swali hilohilo.

Mto São Francisco waanzia katika milima ya Serra da Canastra, jimbo la Minas Gerais, nao hupita karibu kilomita 2,800, kwa sehemu kubwa katika nchi kame, kabla ya kuingia baharini. Wazo la kuyahamishia maji yake kaskazini ni la tangu karne ya 19, na ukame wa 1877 hadi 1879, ulioua watu wengi mno, ulilitia nguvu. Basi tusiwadhanie ubaya wote walioutaka mfereji. Rais Lula, ambaye serikali yake iliianza kazi, ni mzaliwa wa Pernambuco. Familia yake iliihama nchi hiyo kwa umaskini.

Lakini watu wa kando ya mto walikuwa na kumbukumbu yao. Katika miaka ya 1970 lilijengwa bwawa la umeme la Sobradinho. Maji yakaifunika miji ya Remanso, Casa Nova, Sento Sé na Pilão Arcado, na watu wapatao 70,000 wakahamishwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Luiz Flávio Cappio, Mfransisko, aliujua mto huo kwa miguu yake. Tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, akiwa bado padri, aliondoka na wenzake watatu penye chemchemi. Wakafika baharini mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile. Njiani waliona misitu iliyokatwa, kingo zinazobomoka na uchafu wa miji ukimwagwa majini. Baadaye akawa askofu wa Barra, katika jimbo la Bahia.

Septemba 2005 alijifungia katika kanisa dogo huko Cabrobó, akakataa chakula. Baada ya siku 11 serikali iliahidi mazungumzo, naye akala. Mwaka 2007 wanajeshi wakaanza kuchimba. Wenyeji wa taifa la Truká, pamoja na wakulima na wavuvi, waliingia kiwanjani mwa kazi na kukaa humo siku kadhaa, hata walipoondolewa kwa amri ya mahakama. Tarehe 27 Novemba askofu akaanza mfungo wa pili, safari hii Sobradinho.

Yeye na wenzake hawakusema wenye kiu wasinywe. Waliuliza: ni nani hasa atakayekunywa? Kaya maskini zimetawanyika mbali na mfereji. Kwa maoni yao, watakaofaidi ni wenye mashamba makubwa ya umwagiliaji. Nao walikuwa na jibu mkononi. Tangu 2003 vyama vya raia vilikuwa vikijenga matangi ya saruji kando ya nyumba za vijijini, kila moja la lita 16,000. Mvua inyeshapo, maji hushuka kutoka paani hadi tangini, na familia hupata ya kunywa na kupikia kwa miezi ya kiangazi. Mafundi ni watu wa kijiji chenyewe. (Sisi tuliokulia chini ya mabati, tukitega ndoo tu, jambo hilo latupasa kulitazama vizuri.)

Kanisa lenyewe halikuwa na sauti moja. Askofu mkuu wa Paraíba, jimbo lililongoja maji, aliutetea mradi. Vatikani ilimsihi Cappio aache kufunga. Desemba 19 mahakama kuu iliruhusu kazi iendelee, naye akazirai. Kesho yake akaukomesha mfungo. Mfereji haukuzuiwa.

Mwaka 2017 maji yalifika Paraíba, na mji wa Campina Grande, ambao lambo lake lilikuwa limebaki na asilimia 3 hivi, ukaokoka. Hilo ni kweli, na anayepinga mifereji hana budi kulikiri. Mwaka huohuo Sobradinho nako kulikauka karibu kabisa, na mdomoni mwa mto maji ya chumvi yalipanda hadi walikokuwa wakichota watu. Si mfereji uliosababisha hayo, bali zaidi ukame wa miaka mingi na mabwawa; lakini mto uliotwikwa mzigo mpya ulikuwa tayari umechoka. Kazi ya kuuponya, iliyoahidiwa pamoja na mfereji, imekwenda polepole kuliko uchimbaji.

Katika mkutano ujao tutaleta ramani ya mradi wa Transaqua, kila kikundi kitafute humo mto wa parokia yake.